Mopa ya kuzungusha: miezi minne ya kudeki nayo Tabata

Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 38,000, mwanangu alipoanza kutambaa na mimi nikiwa nimechoka kukamua tambara kwa mikono. Ndoo yake ina kikapu juu. Unachovya kichwa cha mopa, unakiweka kikapuni, unasukuma mpini chini, kinazunguka na maji yote yanarudi ndooni. Nyuzi zinabaki na unyevu tu, sakafu inakauka upesi.

Tunakaa kando ya barabara ya vumbi, kwa hiyo sebule naideki kila asubuhi. Hapo mopa hii sijaona mfano wake: dakika kumi nimemaliza, na chini ya kochi inapita bila mimi kupiga magoti. Vyumba vya kulala nadeki siku moja naacha moja, inatosha.

Jikoni ndiko tulikogombana. Nilikuwa nimejipangia Jumatano na Jumamosi. Jumamosi ya kwanza, mafuta ya chapati yaliyoganda mbele ya jiko yakasambaa badala ya kutoka. Ukikanyaga peku, marumaru inanata nyayoni. Nikailaumu mopa. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza, akaniambia, "Mama Imani, jiko halingoji Jumamosi." Tangu siku ile nadeki jikoni kila usiku vyombo vikishaoshwa, kwa maji ya moto na sabuni ya maji kidogo. Mopa ni ileile, na sakafu haijanata tena. Nyuzi zake ni laini, zinazoa uchafu wa leo; ule wa wiki nzima unataka brashi.

Bafuni msiitegemee. Maji yetu ya kisima yana chumvi, yanaacha utando mweupe, na kichwa cha duara hakifiki kwenye kona. Huko nasugua kwa brashi kila siku ya tatu.

Mwezi wa tatu kikapu kilipata ufa. Muuzaji ana vichwa vya akiba, kikapu peke yake hana, na kubadilisha alikataa. Nimekikaza kwa waya, kinafanya kazi huku kinapiga kelele. Iliniuma, maana ufa ulianzia kwenye plastiki nyembamba ambayo wangeweza kuiongeza unene.

Ukimaliza kudeki, fua kichwa ukianike juani, la sivyo kesho yake kinanuka. Ndoo nayo usiiache na maji. Mbu wa dengi hutaga kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake yanaweza kuvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa hiyo kila Jumapili nazisugua kuta za ndoo hii pamoja na mapipa ya uani. Dengi ya 2019 hapa Dar ilinilaza siku tisa, sitaki impate mtoto.

Ningenunua tena? Ndiyo, ila yenye kikapu cha chuma. Jirani yangu anayo, alilipa 55,000, na chake bado kizima.