Nilipiga 199 kutafuta msaada wa kuacha sigara: uzoefu wangu wa miezi mitano, Mwanza

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi, kazi yangu iko mwaloni Kirumba. Sigara nimevuta miaka 16, pakiti moja kwa siku, na siku za kazi nyingi ilikuwa inazidi. Nilishajaribu kuacha mara nne kimyakimya, na nilipofika mbali kabisa ilikuwa siku tisa. Safari hii nina miezi mitano. Kilichobadilika ni simu, na ndiyo maana naandika, kwa sababu nilipotafuta mtu wa huku kwetu aliyeipitia njia hii sikumpata.

Kilichonisukuma ni kikohozi. Wiki tatu nakohoa usiku kucha, mama watoto halali, na mdogo wetu wa mwisho naye akaanza. Binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyeniandikia namba kwenye karatasi ya daftari: 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Kupiga ni bure. Nilikaa nayo mfukoni siku nne. Siku ya tano nikapiga mchana, nimeketi ndani ya mtumbwi uliopandishwa nchi kavu ili vijana wasinisikie.

Ieleweke kwamba 199 si namba ya wavutaji peke yao. Ni ya masuala yote ya afya, aliyepiga kabla yako huenda alikuwa anauliza chanjo ya mtoto. Aliyenipokea hakunihubiria. Aliuliza kikohozi kina muda gani, nyumbani nani mwingine anavuta, na sigara ya kwanza naivuta muda gani baada ya kuamka. Nikamwambia kabla sijanawa uso. Akasema, "Kaka, anayevuta ndani ya nusu saa tangu aamke, mwili wake umeshaitegemea sana nikotini. Kushindwa mara nne si uzembe wako." Nilishindwa kumjibu kwa muda. Uzembe ndilo neno nililokuwa nikijiita miaka yote.

Kisha akaniambia kikohozi cha wiki mbili na kuendelea lazima kipimwe TB kwanza, niende kituo cha karibu nipeleke makohozi, na hukohuko niulize msaada wa kuacha.

Kituo chenyewe sikitaji. Makohozi walipima vizuri, sikulipa kitu, na TB haikuonekana. Lakini nilipouliza habari ya kuacha sigara, dada wa mapokezi alinishangaa: "Kwani hilo nalo ni ugonjwa?" Nikasubiri kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Daktari akaniambia, "Acha tu, zinaua," akaita mgonjwa mwingine. Nilitoka pale nikanunua sigara mbili getini. Jambo hili bado linaniuma, maana najua wapo waliofika mlango kama ule mara moja na hawakurudi tena popote.

Mimi nilirudi kwa sababu binti aliniuliza jioni ile wamesemaje. Kesho yake nikapiga 199 tena. Safari hii nilieleza yaliyonikuta, na aliyepokea akanipa rufaa ya aina nyingine kabisa: kliniki nyingine ya hapahapa mjini, Jumanne, kabla ya saa nne, muulize nesi wa ushauri. Kumwambia mtu "nenda hospitali" ni kumwonyesha barabara. Mimi nilionyeshwa mlango, siku na mtu wa kumuuliza.

Nesi yule alikaa na mimi karibu saa nzima. Hakuanza na mapafu, alianza na siku yangu ilivyo. Sigara ipi ni ngumu kuliko zote? Nikafikiri sana. Si ya asubuhi, wala ya baada ya chai na chapati. Ni ile ya mashine ikiwaka. Umehangaika na kabureta saa mbili, unavuta kamba, mashine inanguruma, unasogea mbali na petroli na unawasha yako. Miaka 16 kila mashine iliyopona nimeifungia kazi kwa sigara. Akaandika. Tukapanga kwamba mashine ikiwaka nitakwenda moja kwa moja majini kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, polepole, kisha ninywe maji chupa nzima. Hamu ikikukamata inadumu dakika chache tu, alisema, kwa hiyo kazi yetu ni kuzivuka hizo dakika.

Siku ya kuacha aliniachia nichague mwenyewe. Wanaojua dagaa watanielewa: wavuvi wanaingia ziwani na taa wakati wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika na mashine zote zinakuja kwangu. Mwaloni unajaa watu, na kila mtu ana pakiti. Kwa hiyo nilichagua siku ya kwanza ya giza, wenzangu wakiwa majini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kabla sijaondoka aliandika namba yangu, akaniambia atanipigia yeye. Siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka miezi mitatu iishe. Na alipiga kweli, kwa simu ya kliniki, dakika kumi hivi. Arosto, yaani ile hamu kali ya sigara, ikimbana mtu hakumbuki namba ya msaada, anakumbuka duka. Lakini simu ikiita utapokea, hasa ukijua ni nani na atauliza nini. Siku ya tatu nilikuwa nimeshamfokea kila mtu, kichwa kinagonga, usingizi hakuna, mikono haijui ishike nini. Akapiga saa kumi jioni. Akaniambia siku ya pili na ya tatu ndizo kilele, na karibu yote yatakuwa yametulia ndani ya wiki mbili hadi nne. Nilishika hesabu hiyo kama kamba ya nanga.

Kuhusu dawa: chingamu ya nikotini imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009, lakini maduka matatu ya dawa niliyoulizia hayakuwa nayo. La nne liliniagizia kutoka Dar. Nesi alinielekeza nisiitafune kama bigijii: unatafuna kidogo mpaka ulimi uwashe, unaibana shavuni, unasubiri, unarudia. Inagharimu, na nilimudu wiki mbili tu.

Mbalamwezi iliyofuata nilianguka. Sigara mbili, mashine mbili zimewaka mfululizo, rafiki ameshanyoosha pakiti. Simu ya nesi ilipoita kesho yake nilitaka nisipokee. Nikapokea, nikasema. Akauliza ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo, sabuni ilikuwa wapi. Sabuni ilikuwa imeisha. Akasema basi leo nunua mbili, na tunaendelea. Mara zile nne za mwanzo, sigara moja ilitosha kunirudisha kwenye pakiti nzima, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniuliza habari ya sabuni.

Ninachokililia ni kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu chake cha 14 kinahusu kuwasaidia watu kuacha. Thailand pakiti yenyewe ya sigara ina namba 1600 ya kuomba msaada. Australia nao wamechapa namba yao. Mtu anaishika namba mkononi kila anapowasha. Sisi pakiti inatuambia sigara ina madhara, haituambii tupige wapi. Namba yetu tayari ipo, ingewekwa pale tu. Na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, Kisumu na Homa Bay kule Kenya, wana 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bure, mchana na usiku, kwa pombe na dawa za kulevya pia.

Ukipiga, kaa na kalamu, na usikate simu kabla hujapewa siku na mtu wa kumuuliza ukifika. Mkumbushe akuulize sigara yako ngumu ni ipi.

Kikohozi kwanza kiliongezeka, nikaogopa, kisha kikapungua mwezi wa pili. Mdogo wetu hakohoi.

Wiki iliyopita mvuvi mmoja kutoka kisiwa cha Goziba aliniomba kiberiti. Nikamwambia sina, nimeacha. Akacheka, kisha akanyamaza, akauliza niliachaje. Tukapiga 199 pamoja kwenye simu yake, spika imewashwa, tumekaa juu ya magunia ya dagaa. Alipoulizwa sigara ya kwanza anaivuta saa ngapi, alinitazama kwanza mimi, ndipo akajibu.