Waifai ya nyumbani Kigoma: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Kabla hujatoa hela, azima laini za mitandao mitatu, ziweke kwenye simu kwa zamu, uzunguke nazo nyumba nzima saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Pima kasi sebuleni, chumbani, dirishani. Huku mwisho wa reli mji wetu ni wa miinuko: jirani anauona mnara waziwazi, wewe nyumba ya tatu umefichwa na kilima. Laini itakayoshinda ndiyo ya kununulia kifaa.

Nilijifunza kwa hasara. Ruta yangu ya kwanza niliipendea antena zake nne. Kufika nyumbani Mwanga, kumbe imefungwa mtandao mmoja, laini ya mwingine haikubali, nao kwangu unashika kwa kubahatisha. Muuzaji akasema boksi likishafunguliwa mali hairudi.

Ya kwanza: ruta ya laini ya 4G, isiyofungwa mtandao. Kwa familia ya watu watano au sita, sioni cha kuishinda. Nenda dukani na laini yako, iwashwe ukiona. Uliza kama ina tundu la kuchomekea antena ya nje, maana antena nyingi zinazopendezesha boksi kazi yake ni kurusha waifai ndani, hazikuvutii mnara. Iwe na masafa mawili ya mawimbi: gigahezi 2.4 hupenya kuta za tofali na kufika mbali, gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini huchoka mapema. Ya 5G inunue pale tu simu yako ilipoonyesha 5G ukiwa ndani kwako. Ukishanunua, iweke dirishani upande wa mnara. Nyuma ya runinga ni kaburini.

Hela inayobaki usinunulie urembo, nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoiwasha umeme ukikatika. Ruta nyingi hutumia volti 12, ila geuza yako usome kibandiko kwanza. Ukikosea volti utaiunguza. Umeme ukikatika, watoto hawajui. Na radi za huku unazijua: mawingu yakianza kunguruma, chomoa UPS ukutani, ruta iendelee kula betri. Kama una antena juu ya paa, chomoa na waya wake, kwa sababu radi haihitaji soketi.

Ya pili: faiba, intaneti ya waya unaoletwa hadi nyumbani. Kwa ubora ingekaa juu, maana kilima si kitu kwake. TTCL wana huduma waliyoiita Faiba Mlangoni Kwako, lakini faiba haipiti kila mtaa, kwa hiyo waulize kuhusu nyumba yako hasa, usiridhike na jibu la "Kigoma ipo". Nyumba ni yako na waya unapita karibu? Ruka ruta ya laini, chukua hii. Mpangaji wa miezi sita asihangaike.

Ya tatu: mifi, ruta ndogo ya mfukoni inayotumia laini. Huyu ni rafiki wa mpangaji, mwanachuo, na mfanyabiashara wa leo Kasulu kesho Kigoma. Ina betri yake, na pawabenki ya simu inaichaji. Watu watatu inawatosha; kuta mbili zinaishinda.

Ya nne: simu yenyewe. Haina gharama ya kifaa, ila ikikaa kwenye chaji ikirusha waifai kutwa nzima, inachemka na betri inaumia.

Ya mwisho: kiongeza waifai. Vile vya bei rahisi mara nyingi hukata kasi karibu nusu, na kikipokea mawimbi mabovu, kinayasambaza yaleyale mabovu. Waya wa mtandao hadi chumba cha nyuma ni bora.

Bando nalo lina hesabu yake. Saa moja ya video ya HD inaweza kula GB 1 hadi 3. Ukiambiwa kifurushi hakina kikomo, uliza kasi inashuka ukifikisha GB ngapi.

Halafu badilisha pasiwedi siku hiyohiyo, na kwenye aina ya ulinzi wa waifai uchague WPA2 au WPA3. Mimi niliacha ile ya kiwandani, bando la wiki likaisha kwa siku mbili. Vijana wa barazani walikuwa wamekuja kunisaidia kubeba kabati, wakageuza ruta, wakapiga picha kibandiko chenye pasiwedi.