Riwaya za Njozi, za Kutisha na za Kisayansi: Ipi Ununue Kwanza

Riwaya nyingi za njozi na za kisayansi zinazotoka siku hizi ni juzuu za kwanza za mfululizo. Msomaji hulipia mwanzo, akangoja miaka miwili mitatu apate katikati, na mwisho asijue kama utakuja. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kigezo kisichoandikwa kwenye jalada: hadithi iwe imekamilika ndani ya kitabu chenyewe, na iwe na la kumpa anayeisoma mara ya pili. Kitabu cha kusomwa mara moja kinaazimwa. Cha kununua ni kile utakachokirudia. Tuzo nazo nimezitazama, ila baada ya hayo.

Nafasi ya kwanza naipa *Piranesi* ya Susanna Clarke (2020), na sioni kitakachoishusha karibuni. Msimulizi anaishi katika Nyumba isiyo na mwisho: kumbi kwa kumbi zilizojaa sanamu, bahari ikijaa na kupwa katika orofa za chini, mawingu yakipita katika za juu. Anaamini kwamba tangu dunia ianze wamekuwapo watu 15 tu, na kati yao walio hai ni wawili. Miaka haihesabu kwa tarakimu. Mmoja anauita mwaka ambao albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, alifika katika kumbi za kusini-magharibi. Kila kitu anakiandika katika madaftari yake, kwa uangalifu na kwa furaha, na sisi tunaosoma tunaanza kuyaona yale asiyoyaona yeye.

Hapo ndipo ulipo ufundi wa Clarke. Hamdhihaki mtu wake kwa kutojua, wala hatuharakishi tufike kwenye siri. Na siri ikishafichuka, usomaji wa pili unakuwa mtamu kuliko wa kwanza, maana kila neno la kurasa za mwanzo limepata uzito mpya. Ilishinda Women's Prize for Fiction, tuzo ya Uingereza ya riwaya za waandishi wanawake, mwaka 2021, na haifiki kurasa 300. Ukiinunua, usisome maelezo ya nyuma ya jalada wala usiulize mtu inahusu nini. Ingia tu.

Ya pili ni ya kutisha, na ni nzito: *The Buffalo Hunter Hunter* ya Stephen Graham Jones (2025). Mwaka 1912, huko Montana nchini Marekani, mchungaji wa Kilutheri anatembelewa kanisani na mtu wa Blackfeet, kabila la wenyeji asilia wa Amerika, aitwaye Good Stab, anayetaka kuungama. Mtu huyu ni mnyonya damu, na Jones, ambaye mwenyewe ni Mblackfeet, amemwekea sharti ambalo sijalikuta kwingine: akinywa damu ya mnyama, mwili wake unaanza kugeuka kuwa wa mnyama huyo. Akitaka kubaki mtu wa kabila lake, inambidi anywe damu ya watu wake. Sharti hilo moja limebeba kitabu kizima.

Nyuma ya yote hayo kuna tukio la kweli, mauaji ya Mto Marias ya Januari 1870, ambapo jeshi la Marekani liliwaua Blackfeet wapatao 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Riwaya nyingi za kutisha huchukua historia kama pambo la nyuma tu. Hii inaidai historia ijibu. Kurasa za mwanzo zinataka subira kwa sababu Good Stab anawaita wanyama kwa majina ya kwao, na msomaji lazima ayazoee. Yazoee. Lakini asiyestahimili damu na mateso ya wanyama aiache, maana Jones hafichi kitu.

Ya tatu, *The Tainted Cup* ya Robert Jackson Bennett (2024), iliyopata Hugo, tuzo kubwa ya riwaya za kisayansi na za njozi, mwaka 2025. Afisa wa dola anakutwa amekufa, mti umechipuka ndani ya mwili wake na kumpasua. Mpelelezi Ana Dolabra hujifunga kitambaa machoni ili dunia isimzidi, na msaidizi wake Din amebadilishwa mwili asisahau chochote alichokiona. Wakati wanachunguza, majitu ya baharini yanakaribia kuta za dola, kama yafanyavyo kila msimu wa mvua. Huu ni mfululizo, naam, lakini kesi inafungwa ndani ya kitabu hiki hiki, na ushahidi wote umewekwa mbele ya msomaji kwa haki. Kwa mpenzi wa hadithi za upelelezi aliyekuwa akiiogopa njozi, sina pendekezo bora.

*Project Hail Mary* ya Andy Weir (2021) inashika ya nne, na hapa aina ya toleo ni muhimu kuliko kwenye kitabu kingine chochote katika orodha. Mwalimu wa sayansi anaamka ndani ya chombo cha angani bila kukumbuka jina lake, huku viumbe vidogo vikila nishati ya jua na dunia ikielekea kuganda. Watu wake si wa kina, nakubali. Raha yote iko katika tatizo, jaribio, na jibu linalozaa tatizo jingine. Nunua toleo la kusikiliza. Kuna mhusika anayezungumza kwa sauti za muziki, na kwenye karatasi sauti hizo unazisoma tu, kwenye la kusikiliza unazisikia.

*Our Share of Night* ya Mariana Enriquez, iliyotoka kwa Kihispania mwaka 2019, ni ya baba na mwanawe wanaowakimbia matajiri waabuduo giza, Argentina ikiwa chini ya udikteta wa kijeshi. Ni ya tano kwa sababu ya urefu tu: karibu kurasa 600, na katikati inalegea. Anayeanza riwaya za kutisha atangulize *Mexican Gothic* ya Silvia Moreno-Garcia (2020), fupi na rahisi, ingawa nusu yake ya kwanza inajikokota.

*Babel* ya R. F. Kuang (2022) inasifiwa sana. Mimi naiweka chini ya hizo zote. Wazo lake ni zuri mno, himaya ya Uingereza ya miaka ya 1830 ikiendeshwa kwa nguvu za madini ya fedha na lugha, ila mwandishi anarudia hoja yake kana kwamba hatumwamini. Ukiitaka, chukua ya karatasi. Ina tanbihi nyingi, na kuzifuata kwenye kifaa kunachosha.

Kama ni lazima ununue mfululizo, nunua uliokwisha. Trilojia ya N. K. Jemisin inayoanza na *The Fifth Season* ilitoka kati ya 2015 na 2017, na kila juzuu ilipata Hugo, miaka mitatu mfululizo. Chukua zote tatu kwa mpigo, kwa sababu ya kwanza inakatika kwenye swali ambalo hutataka kulala nalo.