Kumuuliza Waziri wa Kaunti Kupitia Mwakilishi Wadi: Inafaa Wapi, Inakwama Wapi

Zahanati haina dawa. Kisima kimenyamaza. Mulika mwizi, ile taa ya nguzo ndefu ya sokoni, imezima tangu masika, na msimamizi wa wadi kila akiulizwa anajibu kuwa jambo linashughulikiwa. Mkazi wa kaunti yoyote kati ya 47 za Kenya ana njia isiyomgharimu shilingi ya kumfikia mwenye idara: mwakilishi wadi wake adai taarifa katika bunge la kaunti. Tunaipima hapa kama huduma nyingine yoyote, kwa kuwa kodi ndiyo inayoilipia. Ukitaka jibu lililoandikwa, lenye tarehe na sahihi, hatuoni njia nyingine ya bei hiyo inayoishinda. Ukitaka bomba litoe maji, huduma hii ni dhaifu mpaka swali liandikwe kwa ustadi na pawe na mtu wa kulifuata baada ya kujibiwa.

Wengi hudhani waziri wa kaunti husimama mbele ya wawakilishi wote akahojiwa. Waziri si mjumbe wa bunge hilo. Kwa kawaida mwakilishi huandika ombi la taarifa akalipeleka kwa karani wa bunge. Spika akiliidhinisha, linasomwa kikaoni na kukabidhiwa mwenyekiti wa kamati inayohusika, tuseme ya afya au ya maji. Karani huiandikia idara, idara huandaa jibu, kamati hulipitia, kisha mwenyekiti hulisoma kikaoni na wenzake humwuliza maswali ya nyongeza. Muda wa kujibu hutajwa siku ileile ombi linaposomwa, na ni vizuri kuuandika, kwa sababu ucheleweshaji huanzia hapo.

Kasoro ya kwanza imo ndani ya utaratibu huohuo. Mwenyekiti anasoma jibu ambalo hakuliandika. Akiulizwa kwa nini pampu ilinunuliwa kabla ya kisima kupimwa, hana la kusema zaidi ya kuahidi kwamba atauliza. Dawa yake ni mwakilishi kuomba tangu mwanzo kwamba waziri na afisa mkuu wa idara wafike mbele ya kamati. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 39, inaipa kamati uwezo wa kumtaka waziri ahudhurie na ajibu maswali kuhusu majukumu yake. Kifungu cha 195 cha Katiba kinakwenda mbali zaidi: bunge la kaunti na kamati zake zinaweza kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kumwapisha na kumlazimisha alete hati, kwa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu. Na usimsahau afisa mkuu. Waziri anaeleza sera, lakini afisa mkuu ndiye anayewajibika kwa matumizi ya fedha za idara, kwa hiyo swali la pesa likijibiwa bila yeye kuwepo limejibiwa nusu.

Sasa swali lenyewe, maana ubora wa huduma hii hutegemea swali kuliko sauti ya anayeliuliza. Ombi la aina ya "serikali ya kaunti ina mpango gani kuhusu hali mbaya ya afya katika wadi yetu" hujibiwa kwa aya tatu za nia njema. Swali zuri hutaja kituo kimoja, kipindi kimoja na hati moja. Kwa zahanati, ulizia kila agizo la dawa la mwaka uliopita wa fedha: liliwekwa lini, dawa gani na kiasi gani viliombwa, kiasi gani kilipokelewa na lini. Kisha uliza kaunti inadaiwa kiasi gani na KEMSA, shirika la kitaifa la kusambaza dawa, kwa sababu rafu tupu mara nyingi ni deni lililojificha. Uliza pia kituo kilikusanya pesa ngapi na kikabaki na ngapi. Tangu sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya, kituo cha umma kinapaswa kubaki na mapato yake na kuyatumia, na kaunti inayoendelea kuyazoa hadi makao makuu inapaswa kueleza inafanya hivyo kwa msingi gani.

Kisima kinataka maswali ya kifundi. Omba ripoti ya majaribio ya maji: kina, kiasi kinachotoka kwa saa na kiwango cha chumvi. Pampu kubwa kuliko uwezo wa kisima hukausha maji, ikazunguka tupu na kuungua, na huo si ubovu wa bahati mbaya. Ni kosa la mtu aliyenunua kabla ya kusoma ripoti. Maeneo ya pwani chumvi hula mabomba ya chuma haraka, hivyo uliza mabomba ni ya aina gani. Uliza nani analipia umeme au dizeli, na kamati ya maji ilikabidhiwa mradi kwa hati gani. Mradi usiokabidhiwa mtu rasmi ni yatima, na fundi haji kwa yatima.

Barabara ndiyo huulizwa zaidi, na ndiyo hujibiwa vibaya zaidi. Kabla ya yote, uliza iko chini ya nani: kaunti, au mashirika ya kitaifa ya barabara, yaani KeNHA, KURA na KeRRA. Bila hilo kila upande utaisukumia mwenzake. Ikiwa ni ya kaunti, omba ile karatasi ya kazi na bei ambayo mafundi huiita BQ. Humo mna urefu wa barabara, unene wa changarawe iliyopaswa kushindiliwa, idadi na kipenyo cha kalavati zinazopitisha maji chini ya barabara, na urefu wa mitaro. Ukiwa na karatasi hiyo, wananchi wenye utepe wa kupimia wanaweza kuhakiki jibu la waziri kwa asubuhi moja. Uliza pia tarehe barabara ilipokabidhiwa. Mikataba mingi ya ujenzi huwa na kipindi cha kurekebisha kasoro, na sehemu ya malipo ya mwanakandarasi huzuiliwa mpaka kipindi hicho kiishe. Barabara ikisombwa ndani ya kipindi hicho kwa sababu ya kazi mbovu, mwanakandarasi anairudia kwa gharama yake. Kaunti inayotangaza zabuni mpya ya kuirekebisha inalipa mara mbili. Hapa swali moja la tarehe linaweza kuokoa fedha nyingi kuliko hotuba ya saa nzima.

Kwa mulika mwizi, mambo ni machache: nguzo imezimika kwa sababu ya taa, ya kifaa cha kuiwasha giza likiingia, au ya bili isiyolipwa Kenya Power? Omba namba ya mita na tarehe ya malipo ya mwisho.

Majibu nayo yana sura zake, na moja inastahili kuchunguzwa kwa makini: "mradi utatekelezwa mwaka ujao wa fedha, fedha zikipatikana." Hilo halipaswi kumkatisha mtu tamaa, kwa sababu linaweza kupimwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili. Ahadi ikitolewa Novemba, mwakilishi makini hufungua makadirio ya Aprili akatafuta jina la mradi na kiasi chake. Ukikosekana hapo, anarudi kwenye kamati ya bajeti kabla ya bajeti kupitishwa mwishoni mwa Juni. Ndiyo sababu tunaona Novemba na Februari ni miezi bora ya kuuliza. Swali la Julai hukuta mkate umeshakatwa.

Jibu lingine la kila siku ni kwamba Hazina ya Kitaifa imechelewesha mgao. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna namna ya kulipima: ripoti za Msimamizi wa Bajeti huonyesha kila kaunti ilipokea kiasi gani na ikatumia nini katika kila kipindi. Vilevile hazina ya kaunti inapaswa kupeleka ripoti ya robo mwaka bungeni ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha. Kama mgao ulichelewa lakini posho na safari zililipwa zote, tatizo si kuchelewa, ni uchaguzi wa nani alipwe kwanza. Swali la nyongeza liulize hasa hivyo: kati ya fedha zilizofika, nani alilipwa, na lini?

Huduma hii huharibika zaidi baada ya jibu kusomwa. Mabunge ya kaunti huwa na kamati ya utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi na maazimio. Kwa maoni yetu ndiyo kamati yenye thamani kubwa na isiyotumiwa ipasavyo. Taarifa ikiisha kusomwa bila azimio, hakuna cha kufuatilia. Kwa hiyo mwakilishi asiishie kwenye kuuliza. Alete hoja fupi inayoitaka idara ifanye jambo fulani kufikia tarehe fulani, ipigiwe kura, ndipo kamati ya utekelezaji ipate cha kushika. Wako wanaokwenda moja kwa moja kwenye tishio la kumwondoa waziri chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, hatua inayohitaji kuungwa mkono na theluthi moja ya wawakilishi ili ianze. Silaha hiyo ipo kwa makosa mazito. Ikitumiwa kudai kalavati, inageuka chombo cha kupatana bei.

Na hili la kupatana bei lazima lisemwe, maana linawaumiza watu. Ombi la taarifa hufutwa ghafla na aliyelileta, au halisomwi kwa kuwa hayupo kikaoni siku yake, na baada ya wiki mbili greda linaonekana kwenye wadi. Wakazi hupata kilomita mbili za barabara na kupoteza jibu kuhusu fedha za kaunti nzima. Sheria hiyohiyo ya Serikali za Kaunti iko wazi: kifungu cha 9 kinamkataza mwakilishi kujihusisha na utoaji wa huduma kana kwamba ni afisa wa kaunti. Kazi yake ni kuwakilisha, kutunga sheria na kusimamia. Ukiona ombi limepotea kwenye orodha ya shughuli za bunge, muulize kwa maandishi kwa nini, kisha uhudhurie kikao kijacho. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao vya bunge na vya kamati viwe wazi kwa umma, na mkazi kukaa kwenye roshani ya wageni hubadilisha mwenendo kuliko tunavyodhani.

Ikiwa mwakilishi wako hataki kabisa, mlango haujafungwa. Mtu yeyote ana haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hata kwa mkono. Liwe na lugha ya heshima, lieleze hatua ulizokwisha kuchukua na jibu ulilopata, liseme kama jambo liko mahakamani, na limalizie kwa kutaja waziwazi unachoomba bunge lifanye. Weka sahihi au alama ya kidole. Kwa hati peke yake, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 huenda ikakufaa haraka zaidi: ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ikikataa, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Usipoteze swali kwa mambo ya serikali ya kitaifa. Polisi, vitambulisho, shule za msingi na za upili na hospitali za ngazi ya sita haviko mikononi mwa kaunti. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, maji, taa za barabarani na vituo vya afya kuanzia zahanati hadi hospitali kuu ya kaunti, hivyo ndivyo.

Jambo moja la tarehe limebaki. Bunge la kaunti likimaliza muhula wake, mambo ambayo hayajajibiwa hufa nalo. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwenye swali linalosubiri ahakikishe limesomwa mapema, na achukue kwa karani nakala ya ombi, ya jibu na ya hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge, ya siku hiyo kabla ya mwakilishi wake kuacha kiti. Mwakilishi mpya ataanza na faili hilo mkononi, badala ya kuanza na barua ya kuuliza kama swali liliwahi kuulizwa.