Gitaa la umbo la Stratocaster kwenye hewa ya Mtwara: uzoefu wangu

Kwa asiye na muda: mbao nzuri, shingo nzuri, umeme wa ndani mbovu. Kama mtaani kwako kuna fundi redio unayemwamini, nunua. Kama hayupo, jipange kwanza.

Napiga solo ya pili kwenye bendi ya harusi hapa Mtwara mjini, na Jumapili napiga ridhimu kwenye kwaya. Gitaa lenyewe niliagiza Kariakoo, likaja kwenye buti la basi likiwa ndani ya boksi la karatasi, na bei ilikuwa chini ya laki nne pamoja na mfuko wake. Jina lililoandikwa kichwani silitaji, maana nimeshaona gitaa lilelile, skrubu kwa skrubu, likiuzwa kwa majina mengine. Ninachopima hapa ni umbo la Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani, na namna umbo hilo linavyovumilia maisha ya huku kwetu.

Umbo hilo lilizaliwa Fullerton, California, mwaka 1954. Mwenye nalo, Leo Fender, hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio, mwenye duka lake la kutengeneza redio tangu 1938, na wanamuziki walikuwa wakimletea vikuza sauti vyao vilivyoungua. Kwa hiyo alipoanza kuunda magitaa hakufikiri kama seremala, alifikiri kama mtu ambaye kesho kitu hichohicho kitarudi mezani kwake kimeharibika. Shingo akaifunga kwa skrubu nne badala ya kuigundisha. Pikapu zote (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi), swichi na voliumu akazining'iniza kwenye kibao kimoja cha plastiki: unafungua skrubu za pembeni, unakigeuza, na mfumo wote wa umeme uko mbele ya macho yako. Fundi wangu wa Magomeni, ambaye kazi yake ni subwoofer na televisheni, alikifungua, akatazama kidogo, akasema, "Kaka, hii mbona ni redio tu." Hakuwahi kugusa gitaa la umeme kabla ya hapo.

Kabla ya Stratocaster, Fender alitoa gitaa la ubao mzima, lisilo na sanduku la sauti, mwaka 1950. Liliitwa Esquire lenye pikapu moja na Broadcaster lenye mbili. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba ina ngoma zenye jina linalofanana, jina likaondolewa, na 1951 likawa Telecaster. Mwaka huohuo akatoa besi la kuvaa begani, Precision Bass. Wapiga besi wetu wote wanaocheza huku wanapiga wana deni kwa huyo fundi, vinginevyo tungekuwa bado tunabeba lile dude la kusimama nalo.

Telecaster ni ubao bapa wenye kingo kali. Wapigaji kama Bill Carson na Rex Gallion walilalamika kwamba linawachoma mbavuni na mkononi, na katika gitaa lililofuata, ambalo michoro yake ilipita mikononi mwa Freddie Tavares, mbao zikachongwa nyuma kwenye mbavu na mbele pale mkono unapolala. Hili ndilo jambo la kwanza nililolipenda. Harusi zetu mnazijua: MC anaongea mpaka saa nne, bendi inaanza watu wameshashiba, na hakuna kushuka jukwaani mpaka usiku wa manane. Gitaa langu la zamani lilikuwa linaniachia alama ubavuni. Hili nalisahau kama nimelivaa.

Nilishawishika pia kununua nakala ya Les Paul, kwa sababu ukweli usemwe, ni gitaa zuri kwa macho. Gibson walilitoa mwaka 1952 kutoka kiwanda chao cha Kalamazoo, Michigan, na walikuwa watu wa mila ya uchongaji: kifua cha mbao ya mepo kimevimba kidogo kama fidla, mgongo wa mahogani, shingo imegundishwa. Tangu 1957 linakuja na pikapu za koili mbili alizobuni Seth Lover, zenye sauti nene. Lakini kichwa chake kimelala nyuma, digrii 17 kwenye muundo wa zamani, na hapo shingoni mbao imepungua kwa ajili ya kupitisha chuma cha kunyooshea. Likianguka chali, panapovunjika ni hapo. Magitaa yetu yanasafiri juu ya Noah kwenda Newala yakiwa chini ya magunia na spika. Kichwa cha Stratocaster kimenyooka na shingo, funguo sita zote upande mmoja, na shingo yenyewe ikifa unafungua skrubu nne unaweka nyingine. Sikufikiria mara mbili.

Sasa ubovu. Nilipolichomeka mara ya kwanza lilinguruma. Sehemu ya mngurumo huo ni asili yake, si kosa la kiwanda. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Sumaku inautia uzi wa chuma usumaku, uzi ukitikisika unavuruga uga huo, na ndani ya koili unazaliwa mkondo mdogo wa umeme unaokwenda kwenye ampu. (Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazitoi kitu kwenye gitaa hili, wakati waya wa breki za baiskeli, tuliojifunzia wengi wetu kwenye magitaa ya kujichongea, ungelia vizuri tu.) Tatizo ni kwamba koili haichagui. Inanasa pia uga wa transfoma, taa na nyaya za ukutani, ule umeme wetu unaopishana mara 50 kwa sekunde. Pikapu ya koili mbili inaua mngurumo kwa sababu koili moja imezungushwa kinyume cha nyingine. Koili moja haina kinga hiyo, na kwenye kumbi ambazo eathi ni ya kubahatisha, au tukiwa kwenye jenereta, utaisikia.

Lakini sehemu nyingine ya mngurumo ilikuwa uzembe mtupu. Ndani ya shimo la gitaa hapakuwa na kinga yoyote, waya wa eathi wa kwenye briji (kile chuma kinachoshika nyuzi kifuani) ulikuwa umegusishwa tu bila kulehemiwa sawasawa, voliumu ilikuwa inakwaruza kama mchanga, na soketi ya jeki ilikuwa inalegea nikisogea hatua mbili. Fundi alibandika karatasi ya shaba shimoni kote, akalehemu upya, akabadilisha voliumu kwa zile za omu 250,000, akaweka soketi mpya ya chuma. Vifaa vyote hivyo, isipokuwa karatasi ya shaba, alivitoa kwenye makopo yake ya vipuri vya redio. Gharama yote haikufika bei ya seti mbili za nyuzi.

Pikapu zenyewe niliziacha. Za mwaka 1954 kila uzi ulikuwa na kijiti chake cha sumaku ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti). Hizi zangu ni vijiti vya chuma vyenye sumaku ya kauri iliyogundishwa chini, na sauti yake ina makali kidogo. Nashusha nobu ya toni mpaka katikati, mambo yanakaa sawa. Mpenda sauti tamu zaidi ajue kwamba seti nzuri ya pikapu inaweza kukaribia bei ya gitaa lenyewe.

Kitu ambacho kilinifanya nisirudi nyuma ni swichi. Stratocaster lilitoka kiwandani na swichi ya vituo vitatu, pikapu moja moja. Wapigaji wakagundua kwamba ukiisimamisha katikati ya vituo, pikapu mbili zinalia pamoja na kutoa sauti kavu, yenye pua kidogo, inayopenya. Wengine walikuwa wanaibana hapo kwa kijiti cha kiberiti. Kiwanda kilikuja kukubali mwaka 1977, kikaweka swichi ya vituo vitano. Langu lina vituo vitano, na cha pili na cha nne ndivyo nyumbani kwangu. Muziki wetu wa dansi una magitaa matatu au manne yanayosemezana, solo, solo ya pili, ridhimu na besi, na kila moja linahitaji njia yake. Sauti nene inamfunika mwimbaji. Hii inapita juu ya kinanda na chini ya tarumbeta bila kugombana na mtu. Anayeipenda ile solo safi ya kizazi cha Mbaraka Mwinshehe atanielewa. Na kwa kuwa pikapu ya kati imezungushwa kinyume, kwenye vituo hivyo viwili mngurumo unakufa kabisa.

Hewa yetu ni mtihani mwingine. Nyumbani kwangu Shangani upepo wa bahari unaingia moja kwa moja, na nyuzi zilizokuja na gitaa ziliota kutu kabla sijazizoea. Sasa nafuta kila nikimaliza kupiga, kwa kitambaa kikavu, na mfuko haukai karibu na dirisha. Wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili, shingo iliingia mkunjo, nyuzi zikawa juu. Kwenye Stratocaster la zamani ungelazimika kuivua shingo ndipo ukaze chuma cha ndani, kwa sababu nati ilikuwa upande wa kifuani. Kwenye haya ya sasa nati iko kichwani, unaingiza alenki, robo mzunguko, umemaliza. Msimu wa kusi mbao ikasinyaa na freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingoni, zikaanza kukwaruza vidole pembeni. Nilipitisha tupa laini. Na ukitoka huku pwani ukapanda uwanda wa Makonde, Newala usiku ni baridi: tyuni upya kabla ya wimbo wa kwanza, usidanganyike na tyuni ya nyumbani.

Kibao cha vidole kilinishangaza kwa kupauka kwake. Fender walianza kutumia rozwudi kwenye Stratocaster mwaka 1959, mti wa Brazili wa jenasi ya Dalbergia. Mti huo uliwekewa vikwazo vikali vya biashara mwaka 1992, na mwaka 2017 jenasi nzima ikaingia kwenye masharti ya vibali, ingawa vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa miaka miwili baadaye. Viwanda vingi vya bei nafuu vikahamia mbao nyingine, na ya kwangu ni mojawapo, imepauka mpaka nikaipaka mafuta. Sasa angalia kejeli: mpingo wetu nao ni Dalbergia, ndugu wa huo mti wa Brazili. Unatoka Kilwa na Nachingwea, unakwenda Ulaya kuwa klarineti na obo, na sisi tunaletewa kibao cha mti usiojulikana. Kile kiti cha plastiki ambacho nyuzi zinapita kichwani kilikuwa kinabana uzi wa tatu, basi nikampelekea mchonga vinyago Mikindani, akanichongea kingine kwa kipande cha mpingo. Nyuzi sasa zinateleza.

Mkono wa kutikisia sauti niliuvua siku nyingi. Ni ubunifu mkubwa, wapiga roki wanauabudu, lakini kwenye nakala ya bei hii ukiutikisa mara mbili gitaa limeshatoka kwenye tyuni. Nimekaza springi za nyuma mpaka briji ikalala juu ya mbao, na sijaukumbuka.

Wapo watakaouliza kama gitaa la namna hii ni feki. Si hivyo. Mwaka 2009 huko Marekani Fender walikataliwa ombi la kusajili maumbo ya miili ya magitaa yao kama alama ya biashara, kwa sababu watengenezaji wengine walikuwa wameshayatumia kwa miaka mingi. Kichwa ndicho kina mwenyewe, na ndiyo maana cha kwangu kimechongwa tofauti. Feki ni lile lenye kichwa kilekile na jina lilelile kwa bei ya laki tatu. Hilo ukiletewa, lirudishe.

Mwambie muuzaji akutumie video akiwa amelichomeka kwenye ampu, azungushe kila nobu na kupitisha swichi vituo vyote vitano, halafu apige picha shingo kutoka upande wa briji ili uone kama imenyooka. Voliumu ikikwaruza, shusha bei, fundi atamaliza. Shingo ikiwa imejipinda kama parafujo, achana nalo, hiyo alenki haiponyi. Na agiza seti tatu za nyuzi za namba 10 (ndio unene wa uzi wa kwanza) hukohuko Kariakoo kwenye mzigo uleule.