TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili ya sakiti" kwa Datsun 240Z, msifunge vifaa vyake

Wadau, kama unaandaa 240Z, 260Z au gari lolote la kale la milango miwili kwa mbio za sakiti, na kuna mtu amekufuata kwa ujumbe wa faragha akikuuzia "seti kamili ya sakiti", soma hapa kabla hujatuma hela. Kama ulishanunua na umeshafunga, naomba gari lisitoke gereji mpaka umalize kusoma.

Jina silitaji kwa sababu halitawasaidia. Akaunti hii ikichafuka anafungua nyingine, na picha ni zilezile. Kisichobadilika ni mzigo wake na maneno anayouuzia, kwa hiyo nitaeleza hivyo viwili.

Seti ina strati nne (nguzo za shokapu na springi) zenye springi za kurekebisha urefu, mikono ya chini ya mabomba yenye jointi za duara, na kizimba cha usalama, yaani mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka, kilichokatwa tayari kwa kuchomelewa. Anasema mabomba yote ni kromoli 4130 (aloi imara ya chuma), springi zimepimwa moja moja, na gari litashuka sentimita nane "bila kugusa kitu kingine". Halafu anakuja na historia: eti ni muundo uleule ulioshinda Safari Rally.

Ni kweli 240Z ilishinda Safari, mwaka 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Lakini yale yalikuwa mashindano ya vumbi, matope na mashimo. Gari la namna ile linahitaji tumbo lililo mbali na ardhi na magurudumu yenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Sakiti inadai mambo mengine kabisa. Mtu anayeijua 240Z ya sakiti angekutajia lile gari la Brock Racing Enterprises, ambalo John Morton alitwaa nalo ubingwa wa SCCA, chama cha mbio za magari kule Marekani, daraja la C Production, mwaka 1970 na tena 1971. Huyu hajalitaja hata mara moja. Anauza sifa za gari bila kujua sifa hizo zilipatikana wapi.

Sasa hizo sentimita nane. Hapa ndipo mtu anaweza kuumia, kwa hiyo nivumilieni.

240Z ina strati pembe zote nne: shokapu na springi vimesimama pamoja, juu vimefungwa kwenye bodi, chini vinashikwa na mkono. Ukilishusha gari sana, mkono wa chini unageuka mwelekeo, upande wa gurudumu unakuwa juu kuliko upande wa bodi. Tangu hapo, gari likiinama kwenye kona gurudumu la nje linazidi kupoteza kemba hasi (mwinamo wa juu ya gurudumu kuelekea ndani) badala ya kuiongeza, na tairi linasimamia ukingo wake. Vilevile ile nukta ambayo bodi huinamia inashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito, hivyo gari ulilolishusha ili lisiiname linaishia kutaka kuinama zaidi. Tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu, nayo inaacha kwenda sambamba na mkono, na kila bonge la barabara linageuza gurudumu bila wewe kugusa usukani. Katika mwendo wa sakiti hilo si jambo la kuzoea.

Fundi mkweli analijua hili. Atakuwekea vipande vya kuinulia kati ya strati na mkono wa usukani ili pembe zirudi mahali pake, na atalikata ganda la strati na kulichomelea upya likiwa fupi, kisha aweke shokapu fupi ndani. Kwenye seti ya huyu bwana hakuna kipande hata kimoja cha kuinulia. Maganda ni ya urefu wa kawaida, yamechomelewa pete yenye nyuzi kama za bolti kwa nje na kupakwa rangi nzuri. Gari likikalia uzito wake, shokapu inabakiwa na nafasi ndogo mno kabla haijagota kwenye mpira wa kituo. Ikigota katikati ya kona, springi inakuwa kama haipo na tairi linaachia ghafla. Dereva hapati onyo.

Springi zenyewe zina namba ya ugumu iliyochapwa vizuri, na namba hiyo ni ya uongo. Ugumu wa springi hutegemea unene wa waya uliopandishwa hadi kipeo cha nne. Waya wa milimita 12 ukiupunguza ukawa 11, ukaacha upana na idadi ya mizunguko vilevile, umeshapoteza karibu asilimia 30 ya ugumu. Milimita moja tu, ambayo jicho halioni! Seti niliyoipokea ilikuwa na springi mbili za mbele zenye namba moja na waya wa unene tofauti. Gari la namna hiyo lingepinda vizuri kulia na vibaya kushoto, na ungemaliza msimu mzima ukirudia alaimenti. Kwa hiyo kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, iwe mkononi mzigo unapofika, na upime mahali ambapo rangi imekwanguliwa, maana yeye hupaka rangi nene.

Hiyo rangi nene inaficha mengi. Kwenye mikono ya chini tuliikwangua, tukakuta chomeleo limekaa juu ya bomba bila kupenya. Jointi za duara zilikuwa zinacheza zikiwa bado mpya kwenye boksi, na nyuzi zilizoingia ndani ya mkono zilikuwa chache kwa namna ya kutisha. Mafundi wengi hutaka nyuzi ziingie angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti yenyewe. Pungufu ya hapo, kila unapokanyaga breki unazipinda nyuzi hizo chache. Jointi ya mkono wa chini ikikatika gurudumu linakwenda linakotaka, na gari linalifuata.

Kizimba ndicho kilichonifanya niandike. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka tao kuu (upinde mkubwa nyuma ya dereva) liwe la bomba lisilo na mshono, la chuma cha kaboni lililovutwa likiwa baridi, kipenyo angalau milimita 45 na ukuta 2.5, au 50 kwa 2.0. Miguu yake ishike bodi kupitia bamba la kuimarisha la unene wa angalau milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120. Cheti alichonitumia kinasema 45 kwa 2.5. Bomba lililofika lina ukuta wa milimita 1.8, na ukichungulia ndani kwa tochi unaona mshono umepita kutoka ncha hadi ncha. Mabamba ya miguu hayakuwemo kabisa. Mtu anafunga kitu hicho juu ya kichwa chake akiamini kitamlinda gari likipinduka.

Msidanganyike na jaribio la sumaku analowaonyesha kwenye video. Kromoli na chuma cha kawaida vyote vinashika sumaku, hivyo halithibitishi chochote. Neno "4130" lililogongwa kwa nyundo halithibitishi pia. Ushahidi ni cheti cha kiwanda chenye namba ya myeyusho (chuma kilichoyeyushwa kwa pamoja), na namba hiyohiyo ionekane kwenye bomba. Kwenye mabomba yake hakuna namba.

Nasikia sasa ameanza kuuza na bodi nzima "zilizoimarishwa". Sijaiona hata moja kwa macho yangu, kwa hiyo sitaihukumu, ila 240Z inajulikana inakooza: reli za chini ya sakafu, chini ya trei ya betri, na kuzunguka minara inayoshika strati za nyuma. Yeyote atakayekuuzia, inua zulia, kwangua lami ya chini, gongagonga usikie palipojazwa pati. Nyanyua pembe moja kwa jeki kisha fungua na kufunga mlango. Mlango ukigoma, bodi imelegea, na hakuna springi itakayoliponya hilo.

Mtamtambua kwa mwenendo. Ana haraka: seti ni ya mwisho, kuna mteja mwingine anasubiri. Mwombe picha ya ncha ya bomba ikionyesha ndani, na kalipa juu yake, pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Atakasirika, atakuambia wateja wake hawana maswali kama hayo. Mwombe grafu ya kupimwa kwa shokapu yenye namba ya shokapu yako, atakutumia moja ambayo haina namba. Na hela anataka kwa njia isiyorudishika tu. Nilipomwonyesha vipimo vyangu alijibu kwamba kalipa yangu ni mbovu, kisha akanifungia mawasiliano.

Kwa mliokwisha kufunga: vueni mikono ya chini na strati zote, kagueni pia pale zilipofungwa kwenye bodi, maana chuma cha pale ni chembamba na huenda kimeanza kuchanika. Kizimba kama kimeshachomelewa, msiingie nacho kwenye mbio, na mwambieni mkaguzi wa mashindano ukweli hata kama hajauliza. Tafadhalini msiviuze kwa mwingine ili kurudisha hela. Hifadhini mazungumzo, risiti, cheti na vifaa vyenyewe, mpeleke malalamiko kwa waliopitisha malipo mapema, kwa kuwa wengi wao huweka ukomo wa muda. Mabomba yasiyotumika msiyakate wala kuyapaka rangi. Pigeni picha ya ndani ya kila ncha, mshono uonekane wazi, na ziwekeni hapa chini pamoja na jina la akaunti aliyotumia kwenu.