Seti ya vioo vya milimita 114 ya kujiundia darubini: kioo safi, vishikizo vya kurekebisha

Seti hii ni ya anayetaka kujiundia darubini ya kutazamia sayari uani. Ndani mna kioo kikuu cha milimita 114 chenye umbali wa fokasi (kutoka kwenye kioo hadi pale taswira inapokusanyika) wa milimita 900, kioo kidogo bapa cha kugeuzia mwanga kando, bomba fupi la kushikia lenzi ya jicho, na lenzi mbili: ya milimita 25 na ya milimita 4. Mwili wa darubini na kitako unatengeneza mwenyewe.

Kioo kikuu peke yake ni sababu tosha ya kuinunua seti hii. Kimechongwa kwa mpindo wa duara, si wa parabola (mpindo unaokusanya mwanga wote mahali pamoja), na wapo watakaokuonya ukikwepe. Wasikutishe. Fokasi ikiwa karibu mara 8 ya kipenyo, kwa ukubwa huu, tofauti ya mipindo hiyo ni ndogo mno kuharibu taswira. Cha kukwepa ni kioo cha duara cha upana huohuo chenye fokasi ya milimita 450; hicho kitakupa Mshtarii uliofunikwa ukungu.

Kasoro ya kwanza ni vishikizo vitatu vya kioo, vinavyokuja vimekazwa kupita kiasi. Kioo kikibanwa hupindika, na nyota huonekana na pembe tatu. Legeza skrubu hadi karatasi nyembamba ipite kati ya kishikizo na kioo bila kukwama.

Kasoro kubwa zaidi ni maelekezo: yanataka tundu la lenzi litobolewe sentimita 80 kutoka kwenye kioo. Ukifuata hivyo kwenye bomba la mwili wa darubini lenye upana wa ndani wa sentimita 15, taswira itaangukia milimita 25 tu nje ya bomba, na lenzi haitaweza kuzama kiasi hicho. Pima kwanza. Elekeza kioo kwenye Mwezi, sogeza kipande cha karatasi mbele yake hadi uone Mwezi mdogo wenye kingo kali, upana wake kama milimita 8. Umbali huo ndio fokasi halisi. Toa nusu ya upana wa bomba, toa kimo cha lile bomba fupi la lenzi likiwa limezamishwa, kisha toa milimita 10 za akiba. Kinachobaki ndicho umbali wa tundu kutoka kwenye kioo; mara nyingi utapata karibu sentimita 75.

Lenzi ya milimita 25 inakuza mara 36, nzuri kwa kutafutia. Ya milimita 4 iweke kando: mara 225 ni nyingi kwa usiku mwingi, na tundu lake la kuchungulia ni dogo kiasi cha kuumiza jicho. Nunua lenzi ya jicho ya aina ya Plössl ya milimita 10. Kwa mara 90 utaona mikanda miwili ya Mshtarii na miezi yake minne, na pete ya Zohali imejitenga na mwili wake, mradi haijageuziwa kwetu ubavu.

Kwa ukuzaji huo sayari huvuka uwanja wa lenzi kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo kitako lazima kizunguke kwa ulaini: vipande vitatu vya tefloni (plastiki telezi) juu ya plastiki ngumu vinatosha.

Toa darubini nje nusu saa kabla, kioo kipoe. Kisha vuruga fokasi kwenye nyota angavu hadi igeuke miduara. Kivuli cha kioo kidogo kikiwa hakiko katikati ya miduara, zungusha skrubu moja ya nyuma ya kioo kikuu robo mzunguko, irudishe nyota katikati ya uwanja, na utazame tena.